Kapteni Kimondo Hazimiki

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili nimepewa leo na mpwa wangu, na kalamu juu. Amesema, "Mjomba, andika kila siku, hata mstari mmoja. Mkono ukizoea kuandika, na jicho litazoea kusoma." Nimemjibu kwamba jicho langu lilisoma mpaka likachoka, na kwamba shule niliiachia darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Dada yangu, ambaye ndiye mama yake, akaweka sufuria chini ili acheke vizuri. "Waliishiwa na fimbo," akasema.

Basi niandike kwa utaratibu, maana huenda siku moja daftari hili likawekwa ndani ya kabati la vioo watu wapange foleni kulitazama. Mimi ni fundi friji. Karakana yangu ina mafriji kumi na manne, mazima matatu, na nyuma yake ni chumba changu, ndani ya ua wa dada. Lakini miaka thelathini iliyopita nilikuwa sauti ya Kapteni Kimondo wa redioni, rubani wa chombo cha angani kiitwacho Kishada, aliyewatimua wadudu wa chuma kutoka sayari tisa. Jumamosi saa kumi alasiri barabara zilikuwa tupu. Mbwa hawakubweka. Wezi nao walipumzika, na walioibiwa walipumzika. Barua zilikuja kwa magunia, na posta ikalazimika kuongeza mlango.

Sasa mpwa wangu ni mtayarishaji wa vipindi katika redio ileile. Leo, kabla hata hajakaa, amesema: "Mjomba, Kapteni Kimondo anarudi. Vipindi kumi. Amezeeka kidogo, ametulizwa kwenye kituo cha mbali huko angani, halafu wanamwita tena. Na sauti ni yako."

Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria muda wa kuvuta pumzi.

Jumapili, 2 Machi

Mtaa mzima unajua. Sikumwambia mtu ila kila niliyekutana naye.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumekwenda kuona mahali. Vyumba vizuri vya redio ni vya taarifa ya habari. Sisi tumepewa bohari la nyuma, lenye paa la bati, meza moja, kipaza sauti kimoja, na ukuta wa kioo ambao mpwa wangu anakaa upande wa pili na vitufe vyake. Nilipiga bati kwa fimbo ya ufagio. Likalia kama ngoma. "Mvua ikinyesha je?" nikauliza. "Tutaomba isinyeshe," akasema. Hii ndiyo elimu ya chuo.

Vishindo yupo! Yule mzee wa milio, aliyekuwa akitengeneza farasi kwa vifuu na radi kwa karatasi ya bati. Amekonda, nywele zimehama, lakini mikono ni ileile. Ametazama tumbo langu akasema, "Kapteni, umekuja na mizigo?" Nikamwambia huo ni mtambo wa akiba.

Friji la zamani la kantini ya redio tumelirudisha kwa mkokoteni. Lile ndilo injini ya Kishada. Mlio wa kompresa yake hakuna mwingine duniani: linatetemeka, linakohoa, halafu linaunguruma. Nililinunua likiwa chuma chakavu na nimelilea miaka yote hii. Nimemkumbusha Vishindo tabia yake: likizimwa, halirudi papo hapo. Lazima ulipe dakika nne, tano, gesi itulie ndani. Ukililazimisha, linasema tak! na kukununia.

Na yule binti atakayeigiza Luteni, msaidizi wangu, ni mtangazaji wa utabiri. Nimembatiza Hali-ya-Hewa. Aliniuliza ule msemo wangu, "Amka, injini!" niliutoa wapi. Nikamwambia ulinijia ndotoni, kwa sauti ya babu yangu, siku tatu mfululizo.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerekodi kipindi cha kwanza. Jino nililopoteza linafanya herufi S ipige mluzi. Mpwa wangu alitaka turudie. Nikamwambia Kapteni amekaa angani miaka thelathini, meno ya juu yameliwa na baridi, asiulizwe maswali. Akacheka, akaacha.

Kurasa zangu ananiandikia kwa herufi kubwa, mistari yangu peke yake, ya wengine ameiweka pembeni. Sikumwomba. Nasoma kwa sauti chooni asubuhi. Dada anasema nyumba ina redio mbili sasa, na moja haina kitufe cha kuzima.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hatukurekodi.

Jumamosi, 15 Machi

Tumesikika! Karakana ilijaa. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu, na mteja akaja nacho. Nilipofika kwenye "Amka, injini!" wote walisema pamoja nami: mama muuza vitambaa, fundi baiskeli, wazee wazima wenye wajukuu. Dada alikuwa mlangoni, amejifanya anafagia. Alifagia sehemu moja nusu saa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Bati linapiga kelele kuliko mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Jana Hali-ya-Hewa alitangaza jua.

Jumamosi, 29 Machi

Hatuna tena akiba ya vipindi. Mvua inatula. Tunavizia dakika kavu kama mtu anavyovizia kuku: kimya kikiingia tunakimbilia kipaza sauti, tunasema mistari sita, matone yanarudi, tunakaa. Vishindo anasema katika maisha yake hajawahi kushindwa na mlio wa mtu mwingine.

Lakini mtaani mambo ni moto. Leo mwanamke mmoja ameniletea friji lisilo na ubovu wowote. Alitaka tu niliambie maneno.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo naandika kwa kukandamiza kalamu.

Tulikuwa tumekaa chini ya ukingo wa paa, tunasubiri mvua ipungue, Hali-ya-Hewa akasema, "Mzee, nitakukumbuka sana. Nilipofika ukurasa wa mwisho machozi yalinitoka."

"Ukurasa wa mwisho wa nini?"

Akanitazama. "Wa kipindi cha kumi. Kwani hujaufikia?"

Nikasema nimeufikia zamani, nilitaka tu kuona kama na yeye kaelewa. Halafu nikaenda nyuma ya bohari na kurasa zote. Mimi husoma mistari yangu tu, ya leo kwa leo. Sikuwahi kwenda mbele. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, nikitafuta ya mwisho. Nimeikuta.

Kapteni Kimondo anapigwa na jiwe la angani. Anamkabidhi Luteni usukani. Injini inazimwa. Anakufa. Maneno yake ya mwisho ni mawili: "Zima injini."

Mimi! Niseme hivyo mimi!

Jumanne, 8 Aprili

Nimemvaa mpwa wangu mbele ya mama yake.

"Umeniita nije kufa?"

"Mjomba, ni mchezo."

"Mchezo! Mtu aliyepita katikati ya mkia wa nyota bila kuunguza hata ukosi, leo anauawa na jiwe? Jiwe, mwanangu? Kama lile la kufulia nguo?"

"Mkurugenzi anataka shujaa kijana. Kapteni anapokezana na Luteni, hadithi inaendelea."

"Inaendelea na nani? Wewe ulikuwa unalala kwenye magoti yangu ukisikiliza kanda zile! Ulikuwa hunywi uji mpaka niuambie uji 'Amka'!"

Macho yake yalijaa, nami sikujali. Nilimwambia ana moyo wa jokofu. Nilisema hivyo, mimi ninayejua majokofu.

Dada akasema, "Mdogo wangu, shika mdomo wako kwa mikono miwili." Nikatoka bila kumaliza chai.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Simsemeshi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Bado simsemeshi. Kurasa za herufi kubwa zimekuja zimewekwa chini ya mlango.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda kwa mkurugenzi mwenyewe. Ofisi yake ina zulia la kuzama mpaka kifundo cha mguu, na kiyoyozi kinachopiga kelele ambayo mimi ningeimaliza kwa bisibisi moja. Nilimwambia Kapteni hatakufa.

"Mzee," akasema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtu aliyepanda paa, "wasikilizaji wetu ni vijana. Mzee anaaga kwa heshima, tunapiga muziki mzuri. Wewe ungetaka nini zaidi?"

"Heshima ya kuagwa wape wanaoondoka. Mimi nimerudi."

"Umerudi ili uage."

Akaangalia saa. Nilisimama nikamwambia nimewahi kutoa maiti ya panya ndani ya kiyoyozi cha waziri kwa mkono huu, sitishiki na zulia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hakikuwa cha waziri. Kilikuwa cha kinyozi.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua kutwa. Niandike la kweli, maana hakuna anayesoma.

"Amka, injini" haikutoka ndotoni, wala babu yangu hakusema kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekuja kutengeneza friji la kantini. Mwigizaji wa Kapteni alikuwa ameugua matubwitubwi, mashavu kama maboga. Wakanisikia nikilifokea friji, wakasema sauti ndiyo hii. Wakanisukuma mbele ya kipaza sauti na karatasi mkononi, na wakati ule kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Sikuwaambia kwamba kusoma kwangu ni kwa kubahatisha.

Karatasi ilisema "Amsha injini." Kapteni anamwamuru msaidizi wake. Mimi nikaona A na M, nikaona A ya mwisho, katikati nikajimalizia mwenyewe: "Amka, injini!" Kana kwamba injini ni mtu amelala. Mwandishi alishika kichwa. Vishindo peke yake ndiye hakushtuka. Alichomeka friji, likakohoa, likaunguruma, kana kwamba limesikia.

Wiki iliyofuata watoto walikuwa wanaziambia baiskeli hivyo. Watu waliwaambia wagonjwa wao. Mwandishi akaona hana la kufanya, akageuza hadithi yote: Kishada kikapewa masikio, kikawa chombo kinachosikia na kupenda na kununa. Kila mtu akasema, ubunifu ulioje. Chombo kile kilipata roho kwa sababu fundi friji hakujua kusoma.

Nimekaa na hilo miaka thelathini. Nikilitazama hapa kwenye karatasi, si kubwa kama nilivyodhani.

Jumamosi, 26 Aprili

Dada ameniita jikoni, akafunga mlango, kitu ambacho hafanyi hata akisema watu.

"Unajua mkurugenzi hakukutaka kabisa?"

"Mimi?"

"Alitaka kijana mwenye diploma. Mwanangu akaweka kazi yake mezani. Akasema, ikiwa si mjomba, mimi naondoka. Wakabishana wiki mbili. Mwisho mkurugenzi akasema, haya, mlete, ila amalize kwa kufa. Mwanangu akakubali ufe ili urudi. Na akilini alisema mpaka kipindi cha kumi atakuwa amemgeuza mkurugenzi. Hakumgeuza."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia wewe? Ungetangaza mpaka sayari ya tisa."

Nimeenda kumgongea mpwa wangu. Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Kile kioo chako redioni kina ukungu, nitakuja nikusaidie kukifuta." Akasema, "Karibu, Mjomba." Tumeelewana.

Lakini kufa, bado sijakubali.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Kipindi cha tisa tumekimaliza kwa kudokoa. Cha kumi hata mstari mmoja bado.

Jumamosi, 10 Mei

Cha tisa kimesikika. Mtaani wameanza kunipa pole, kana kwamba nina msiba wangu mwenyewe. Nikamwambia kinyozi pole aweke kwenye friji, haitaharibika.

Jumanne, 13 Mei

Mkurugenzi ameamua: mvua hii haitatuacha turekodi, cha kumi kiende moja kwa moja hewani Jumamosi, iwe bati linalia au halilii. Kama zamani.

Nimekaa na ukurasa wa mwisho mezani. ZIMA INJINI. Na jambo la ajabu limenipata, sina wa kumwambia ila wewe daftari. Sikubahatisha. Herufi zimesimama zenyewe kama askari, moja moja, Z na I na M na A, nimezisoma zote bila kidole. Mpwa wangu alisema kweli kuhusu mkono na jicho.

Ningekuwa mtu mwingine ningefurahi. Nimejifunza kusoma ili nisome kifo changu.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike yote kabla sijaanza kutia chumvi.

Saa kumi kamili. Vishindo kwenye friji, Hali-ya-Hewa mbele yangu, mpwa wangu nyuma ya kioo, kidole juu ya kitufe chekundu, na pembeni yake simu ya mkurugenzi. Tukapaa vizuri. Tukapigana. Jiwe likaja, Vishindo aliangusha karai la misumari, hata mimi nikainama. Kapteni akaanguka. Akamwita Luteni. Vishindo, kama ilivyoandikwa, akachomoa waya wa friji. Kompresa ikatetemeka, ikanyamaza. Bohari zima kimya. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Ilikuwa kama friji la mtu aliyehama.

Zamu yangu. Ukurasa ulikuwa mbele yangu, herufi kubwa kama milango. Nilisoma moyoni: Zima injini. Nilisoma barabara. Halafu nikafungua mdomo.

"Mzima, injini?"

Hali-ya-Hewa aliinua macho. Mstari wake uliofuata ulikuwa kulia, "Kapteni amekufa!" Midomo yake ilikwishafanya K. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, taratibu, "Kapteni... inakusikia?"

Mungu ambariki na mvua zake zote.

Vishindo alikuwa tayari ameshika waya. Akachomeka. Tak! Likagoma. Nilijua. Dakika nne, tano, gesi itulie, na hapo hata moja haijapita. Tak ile ilikwenda hewani nchi nzima.

"Imekohoa," akasema Luteni wangu.

"Imenuna," nikasema. "Usiiharakishe. Mimi naijua." Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikafanya lile jambo ambalo watu wamenicheka nalo maisha yangu yote. Nilipiga chuku.

"Mzima, injini? Mimi hapa. Unakumbuka ile sayari ambayo mvua yake inanyesha kutoka chini kwenda juu, tukashika miavuli kwa miguu? Ukacheka mpaka ukapoteza bolti mbili. Unakumbuka wadudu wa chuma walipotuzingira elfu arobaini, nasi hatuna hata risasi? Nikawaambia karibuni, ogeni, mmechoka. Wakaoga. Wakashika kutu. Mpaka leo wako kule wanakwaruzana. Unakumbuka..."

Nikaona mkono wa mpwa wangu umeondoka kwenye kitufe. Simu ya mkurugenzi ilikuwa inawaka taa, inawaka, inawaka. Aliinua mkono wa simu, akaulaza mezani kifudifudi kama mtu anayemlaza mtoto.

Na hapo mvua ikaanguka. Yote. Bati likalipuka. Miezi miwili tumeikimbia mvua hii, sasa hakuna pa kukimbilia. Hali-ya-Hewa akapaza sauti: "Kapteni! Vumbi la nyota linatupiga!"

"Liache lipige! Ni wenyeji wanatupigia makofi!"

Nikaendelea kuongopa. Nimeongopa dakika nne na nusu, Vishindo amehesabu kwa saa yake. Sijui mengine niliyosema. Najua nilisema, "Wanasema tumezeeka, wewe na mimi. Wanasema tuzimwe kwa heshima, na muziki mzuri. Wewe unasemaje?" Nikamtazama Vishindo. Akachomeka waya.

Friji likatetemeka. Likakohoa, mara moja, mara mbili.

"Amka, injini," nikasema, si kwa kelele. Kama ninavyomwamsha mtu wangu.

Likaunguruma.

Jumapili, 18 Mei

Simu za redio zimejaa tangu jana. Dada amefagia mlangoni pangu tangu asubuhi. Amenipikia mayai mawili zaidi. Mpwa wangu ameitwa ofisini kesho. Mimi sikuitwa. Nitakwenda.

Jumatatu, 19 Mei

Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya zulia lake. "Nani alibadilisha mwisho?"

Mpwa wangu akavuta pumzi. Nikaona anavyotaka kusema "mimi". Ameweka kazi yake mezani kwa ajili yangu mara moja. Mara mbili sikubali.

"Sijui kusoma," nikasema.

Nimewahi kusema nilimbeba nyati. Nimewahi kusema nilitengeneza friji la mfalme nikiwa nimefumba macho. Hakuna neno lililokuwa zito kama hayo mawili, na mara hii nilikuwa nadanganya.

"Hujui kusoma?"

"Nabahatisha, mheshimiwa. Darasa la tano, halafu fimbo."

Akanisukumia ukurasa. "Soma hapa."

Nikausogeza karibu. Nikausogeza mbali. Nikatoa kidole. "M... zi... ma..."

"Hakuna M hapo!"

"Mimi naiona, mheshimiwa."

Mpwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mkurugenzi alidhani analia kwa aibu. Akamwonea huruma. Simu ikalia, katibu akasema kuna mzee mmoja na wajukuu zake saba wanauliza kama Kapteni ni mzima. Ikalia tena.

Mkurugenzi akakaa. "Basi," akasema. "Kapteni abaki. Lakini huyu mzee afundishwe kusoma. Siku akijua, atausoma ukurasa huuhuu, neno kwa neno, na atakufa. Nani atamfundisha?"

"Mimi, mkurugenzi," akasema mpwa wangu, akifuta macho. "Lakini nikuonye mapema. Mjomba ni mzito."

Jumamosi, 24 Mei

Jua, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Hali-ya-Hewa alikuwa ametangaza mvua.

Somo la kwanza tumelifanya leo karakanani. Mpwa wangu aliandika A kubwa ubaoni. Nikamwambia hiyo ni ngazi. Akaniandikia alama sifuri, akanywa chai yangu, akaondoka akipiga mluzi.

Sasa daftari hili ni hatari kuliko wadudu wa chuma. Kila ukurasa ni ushahidi. Kulichoma siwezi, maana bado nalihesabu kwenye kabati la vioo. Kwa hiyo naliweka ndani ya friji bovu la tatu kutoka mlangoni, lile lisilo na mpini, na juu ya jalada, ili atakayelikuta asiwe na shaka, nimeandika kwa herufi kubwa, nimechukua muda na uangalifu wote nilionao:

DAFTALI RA MTU HASIYEJUWA KUSOMMA.